Kahawa chungu na sukari ya damu: pima kabla ya kulaumu kikombe

Wenye kisukari wengi hapa Dar hushangaa: kahawa ya barazani haina sukari hata chembe, mbona mashine inasoma juu? Anza na kashata. Sehemu kubwa ya kashata ni sukari yenyewe, na wachache huishia kipande kimoja. Tende nazo ni hivyohivyo.

Hata bila kashata, kahawa ina mambo yake. Kafeini hupandisha adrenalini, homoni ya mshtuko. Ini linaachia sukari lililoihifadhi, na kwa saa chache misuli inaipokea kwa uvivu ingawa insulini ipo. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu maradufu ya arabika ya Kilimanjaro, kwa hiyo kubadilisha kahawa tu kunaweza kubadilisha majibu. Kikombe hichohicho kina asidi za klorojeniki, zinazoonekana kupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ila zikichomwa sana huharibika, wakati kafeini hubaki karibu yote. Ile kahawa nyeusi tii imebakiwa na kichache cha kukusaidia.

Ni kweli tafiti zinaonyesha wanywaji wa kahawa hupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache. Hiyo si ruhusa ya kuifanya dawa ukishaugua.

Jipime hivi. Asubuhi moja kula muhogo wa kuchemsha, vipande vilevile unavyovizoea, na maji. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Siku nyingine rudia chakula kilekile, kiasi kilekile, maji uyabadilishe kwa kahawa chungu. Nawa mikono kwa sabuni, uikaushe. Kidole chenye utamu wa kashata hutoa namba ya uongo. Mashine nzuri nayo inaweza kukosea kwa asilimia 15: sukari ya 10 (kwa kipimo cha mmol/L) ikasomeka 8.5 au 11.5. Kwa hiyo tofauti ya 0.5 kati ya siku ya maji na ya kahawa usiihangaikie. Rudia siku mbili tatu. Tofauti ikizidi 2 kila mara, kahawa inakugusa: punguza vikombe, au inywe mbali na mlo.

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) awe macho: moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka ni dalili za kafeini, na pia za sukari kushuka. Pima papo hapo. Ikiwa chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Kama huna mashine karibu, chukulia imeshuka.

Na ukiambiwa uende kupima kabla ya kula, hata kahawa chungu iache. Maji tu.