Kujiita mtaalamu wa korosho

Mdogo wangu wa Newala, umeuliza kama kuna ubaya wa kujitambulisha kuwa "mtaalamu wa korosho" katika makala unazowaandikia wakulima, ilhali ulichonacho ni miaka sita ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu, katika shamba la baba yako. Ubaya upo, tena haumpati mwandishi peke yake. Msomaji wa Nachingwea akiamini kwamba umesomea magonjwa ya mikorosho, atafuata kipimo chako cha dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia maua ya mikorosho, bila kumuuliza bwana shamba, na iwapo umekosea, maua yakanyauka, hasara yake ni ya msimu mzima.

Andika wazi kwamba wewe ni mkulima, taja ukubwa wa shamba na miaka uliyolihudumia, kisha tenganisha uliyoyaona kwa macho yako na uliyoyapata kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ambao wamelishughulikia zao hili kwa miaka mingi. Muuzaji akikupa dawa bure ili uisifu, liseme hilo mwanzoni, si mkiani. Mimi niliwahi kulificha jambo kama hilo (zilikuwa mbegu za ufuta), na wasomaji walipogundua, hata makala zangu za kweli zilianza kutiliwa shaka. Picha ya shamba la jirani nayo usiifanye yako. Ulipokosea, sahihisha palepale na uweke tarehe, badala ya kufuta kimyakimya.