Mikono Ikitetemeka, Usijifungie Ndani

Juzi kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia: “Kaka, nikiamka mikono inatetemeka mpaka nipate pombe kidogo ndiyo inatulia. Kesho naacha, najifungia ndani wiki nzima. Nipe mbinu.” Sikulala.

Mdogo wangu, mimi nilianza na viroba, vile vipakiti vya pombe kali, nikiwa bodaboda Mbagala, Dar es Salaam. Unakikata kwa meno kwenye foleni, abiria nyuma hana habari. Machi 1, 2017 viroba vilipopigwa marufuku, mama alishukuru Mungu. Mimi nikahamia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji.

Asubuhi moja mwaka 2018 ufunguo wa pikipiki uligoma kuingia. Nikajaribu mara ya tatu, ya nne, unakwaruza pembeni tu. Ufunguo ulikuwa mzima, mkono ndio ulikuwa unacheza. Abiria wangu, mama mwenye mtoto mgongoni, aliuangalia ule mkono, akashuka bila neno, akapanda ya mwenzangu. Wiki ileile bosi akachukua pikipiki yake, maana alikuwa ananidai hesabu ya siku nane. Wa kijiweni niliokuwa nawanunulia kila jioni, hakuja hata mmoja kunijulia hali. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikaacha ghafla, hivyohivyo unavyotaka wewe. Siku ya pili nikaona wadudu wanatembea ukutani, usiku nikaanguka degedege. Mama alidhani nimerogwa. Daktari ndiye aliyetueleza: ubongo uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla unachachamaa, na mtu anaweza kufa. Nikalazwa, nikapewa dawa za kutuliza na vitamini B1.

Kwa hiyo nenda hospitali kwanza. Mtajie daktari kiasi unachokunywa, usipunguze hata glasi moja kwa aibu. Hama kijiwe. Pesa ya siku mkabidhi mtu unayemwamini. Na gongo usiiguse tena, maana huwezi kujua kama ina methanoli, na methanoli inapofusha.

Vijana wenzangu, tuache kumsifu mtu kwamba “anahimili”. Anayehimili ndiye anayezama bila watu kushtuka. Mlevi ni mgonjwa, apelekwe kutibiwa, asichekwe.

Nimeshatimiza miaka 7 bila tone. Pikipiki ninayoendesha, kadi ina jina langu.

Wewe wa Mbeya, bado hujanijibu. Ukitoka kwa daktari niandikie, hata iwe saa nane usiku.