Daktari, soma kipengele cha zamu kabla ya mshahara

Hospitali binafsi au ya taasisi ya dini inayotafuta daktari wa kukaa Masasi, Nachingwea au Liwale, kusini mwa Tanzania, huwa haina foleni ya waombaji. Hiyo ni nguvu yako mezani. Madaktari wengi vijana hawaitumii: wakishaona tarakimu ya mshahara, wanasaini.

Kwanza tenganisha mshahara wa msingi na posho, kwa kuwa saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwa ule wa msingi. Gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa 45. Msingi wa shilingi 1,950,000 unakupa takriban 10,000 kwa saa, na saa ya ziada, ambayo hulipwa mara moja na nusu, ni 15,000. Jumla hiyohiyo ikigawanywa kuwa msingi 900,000 na posho 1,050,000, saa ya ziada inashuka chini ya 7,000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 50 za ziada kwa kila wiki nne. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na sikukuu hulipwa mara mbili. Ila angalia cheo unachopewa. Masharti ya saa za kazi hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo mganga mfawidhi (daktari mkuu wa kituo) anaweza kupoteza malipo hayo yote. Ukipewa ufawidhi, dai posho ya madaraka inayofidia.

Ugomvi mkubwa huzuka kwenye usiku wa kusubiri simu nyumbani: mwajiri anauhesabu mapumziko, wewe unauhesabu kazi. Maneno “zamu kulingana na mahitaji ya hospitali” usiyakubali kabisa. Mwenzako mmoja akiacha kazi, mahitaji hayo yote yanakuangukia. Omba orodha za zamu za miezi miwili iliyopita uone majina mangapi yanajirudia. Kisha yaandikwe: idadi ya juu ya usiku kwa mwezi, malipo ya kila usiku, malipo ya kuingia thieta, na saa ya kuanza kazi asubuhi baada ya kukesha.

Hospitali nyingi za dini zina viwango vya mshahara visivyosogea. Usipoteze muda hapo; jadili idadi ya usiku wa zamu, nyumba na maji. Iandikwe pia nani analipa umeme, na una siku ngapi za kuhama nyumba hiyo mkataba ukiisha.

Mahali pa kuajiriwa napo pana fedha. Mkataba ukiishia kwingine, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa. Kama umeitwa kutoka Dar es Salaam, paandikwe Dar es Salaam hata ukisaini ukiwa Ndanda au Nyangao.

Ukiahidiwa kusomeshwa ubingwa, deni la masomo utakalodaiwa ukiondoka mapema lipungue kila mwezi unaotumikia, lisibaki zima hadi siku ya mwisho. Na kila walichokubali kwa mdomo kiombe kwa barua pepe siku hiyohiyo, kabla kalamu haijagusa karatasi.