Shangazi, nikisoma Kifaransa kitanilipa kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie msichana wa miaka 24, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nina diploma ya kliaringi na fowadingi, Kiingereza cha ofisini nakiweza na sasa hivi napata vibarua kwenye ofisi moja ya mizigo. Nimeweka vihela nataka nisome Kifaransa ila mjomba anasema napoteza hela bora ninunue cherehani. Rafiki yangu yeye anasema Kanada ukijua lugha zote mbili unalipwa bonasi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba anakutakia mema na cherehani kweli inaingiza hela mapema, ila kwa kazi uliyosomea wewe mie nasema kasome.

Huyo rafiki hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Kanada Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi kwa sheria ya 1969, na mtumishi wa serikali kuu aliye kwenye nafasi inayotaka lugha zote mbili anapewa dola 800 za Kanada kwa mwaka, kiwango kilekile toka 1977, sasa gawa kwa miezi 12 uone inabaki nini, haifiki hata dola 70. Faida kubwa ni kwamba zipo nafasi kule ambazo mwenye lugha moja hapewi kabisa. Halafu wanaoomba kuhamia kwa mfumo wao wa Express Entry, ukifaulu vizuri Kifaransa huku Kiingereza chako kiko chini unaongezewa pointi 25, Kiingereza nacho kikiwa cha kueleweka unaongezewa 50. Kifaransa ni kilekile ila kikishikana na Kiingereza pointi zinakuwa mara mbili, na hilo ndo nataka ulishike, usikiache Kiingereza ukakimbilia Kifaransa, kijenge juu yake na juu ya kazi unayoijua.

Na kazi yako wewe ni makaratasi. Watu wanasema aah Wakongo si wanajua Kiswahili, sa Kifaransa cha nini, ni kweli mteja wa Lubumbashi au Bukavu kwenye simu mtaongea Kiswahili na kucheka mtacheka, ila akituma karatasi inakuja ya Kifaransa na forodha ya kwao, ile DGDA, inafanya kazi kwa Kifaransa. Enzi zangu za mizigo nilikuwa ofisi moja ikaingia invoisi imeandikwa "location conteneur" na hela pembeni, kijana aliyeipokea Kiingereza kimemkaa vizuri sana, akajua hapo wanaeleza kontena lilipo, akapita. Kumbe "location" kwa Kifaransa ni kukodisha, ile ilikuwa bili ya kukodi kontena na siku zinahesabiwa, wanakuja kushtuka deni limepanda na lawama zote kaangushiwa yule kijana. Inaniuma mpaka leo manake hakuwa mzembe, hizo lugha mbili zina maneno mengi sana yanayofanana kwa sura kwa hiyo anayejua moja anadhani na ya pili anaielewa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Angekuwepo mmoja tu pale wa kusoma zote mbili zile hela zingepona, na matajiri wa mizigo wanalijua hilo vizuri.

Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, Burundi walishakuwemo, na 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nako Kiingereza na Kifaransa vinatumika kila siku. Hapa kwetu lipo bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, ila mwanangu usijipe moyo kwamba ukisema bonjour getini unaajiriwa, pale wanataka ujuzi kwanza. Na mizigo mingi ya Kongo inapita Dar, kwa hiyo ujiandae kuhama Tanga japo najua inauma.

Kuhusu ada, usilipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Alliance Française, wale wanaofundisha Kifaransa, wapo Dar na Arusha, mtihani wao ni DELF na ngazi zinaanza A1, A2, B1 mpaka B2, wengi wanachoka A2 na hapo ni salamu na bei za sokoni tu, ofisini inatakiwa B2 na hiyo ni masaa mamia ya kukaa darasani, siyo miezi mitatu kama matangazo mengine yanavyosema. Na kama Kanada iko kichwani kweli, kwa hizo pointi DELF hawaichukui, wanataka TEF Canada au TCF Canada.

Kabla hujatoa hata shilingi omba hapo ofisini wakuonyeshe invoisi za zamani za Kongo na Burundi, uandike maneno yake kwenye daftari, na jioni usikilize RFI, redio ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi kama dakika 10 hivi. Fanya hivyo mwezi mmoja, ukiona bado una hamu nenda kalipie A1.