Kijiji Kilicho Chini ya Ziwa Chala

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo hekaya za wenyeji humsaidia msafiri wa miguu kupaona vyema mahali anapokwenda, ama humtia hofu ya bure. Najibu kwa safari moja tu, ya Ziwa Chala, lililomo ndani ya kasoko ya volkeno upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, mpaka wa Kenya na Tanzania ukipita juu ya maji yake.

Tulitoka Mombasa kwa matatu hadi Voi, tukabadilisha gari, tukalala Taveta. Alfajiri tulishika njia kwa miguu tukiongozwa na mzee mmoja wa Kitaveta. Ziwa halionekani kwa mbali. Unapanda kilima cha vichaka na mawe hadi ukingoni, na hapo ghafla, chini ya miguu yako, ndipo unapoona kuta za mwamba zilizozunguka maji ya rangi ya buluu yenye kina cha yapata mita 90. Kabla ya kuteremka, mzee alituketisha kivulini, akatusimulia kwamba mahali pale palikuwa na kijiji cha Wamaasai kilichomezwa na ardhi, na kwamba hata leo mwenye kunyamaza husikia sauti za watu na milio ya ng'ombe kutoka majini.

Wapo wasemao kuwa visa kama hivyo ni vya kutishia watoto. Mimi naona kisa hiki kimebeba ujuzi. Ardhi ya pale kweli ilipasuka, na maji kweli hutoka chini, kwani mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro huzama miambani na kulijaza ziwa kwa njia isiyoonekana. Tena aliyesikia habari za kijiji hicho hajitupi majini kwa pupa, na ziwa hilo limewahi kuwa na mamba: mwaka 2002 msichana mmoja mtalii aliuawa humo. Sisi watu wa pwani tusilione hili kuwa geni, kwa kuwa misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao matakatifu ya kale, ililindwa na miiko ya wazee kabla ya kuwapo sheria yoyote ya hifadhi.

Mmisionari Charles New, aliyekuwa na makao yake Ribe, jirani yetu kabisa, alifika Chala mwaka 1871, na miaka 20 baadaye Mmarekani May French Sheldon akalizunguka ziwa hilo kwa chombo. Natamani vijana wa Mombasa nao waende, ila wamtafute mzee kwanza.

Tulipofika majini, mzee alituomba tushushe sauti. Tulikaa kitambo kirefu. Kisha ikaja milio ya ng'ombe, hafifu, ambayo nadhani ilitoka malishoni juu ya ukingo ikagonga kuta za mwamba, lakini masikioni mwetu ilitoka ziwani. Mzee akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Umesikia, mwanangu?" Nikamjibu kwamba nimesikia.