Siku pedali ya breki iliponitetemekea

Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, barabara bado inang'aa. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa hivi. Nilipomaliza kona nikakuta lori limesimama njiani bila taa hata moja. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Pedali ikaanza kutetemeka, ikawa inanisukuma mguu kwa mapigo ya harakaharaka, na chini ya gari ukasikika mkwaruzo kama wa vyuma vinavyosagana. Nikaamini breki zimevunjika. Nikaondoa mguu.

Gari likazidi kwenda. Nikakanyaga tena, nikakata usukani, nikapita ubavuni mwa lile lori kwa nafasi ya kiganja na kuishia kwenye majani kando ya barabara. Hatukuumia, mimi wala niliokuwa nao. Kesho yake nikapeleka gari kwa fundi. Akalikagua, akalijaribu, akaniambia breki ni nzima kabisa. Kilichotetemeka ni ABS, mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, na ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Miaka minne nimeliendesha gari lile bila kujua kwamba siku ya hatari pedali itanitetemekea hivyo, na ile sekunde niliyoihitaji kuliko zote nikaipoteza kwa kutojua.

Wengi wetu tukinunua gari tunauliza lina mifuko ya hewa mingapi, ile inayofumuka gari likigonga, lina ABS au halina, kisha tunatulia. Hatuulizi vitu hivyo vinatutaka sisi tufanye nini.

Nianze na hiyo ABS. Ukikanyaga breki ghafla, hasa kwenye utelezi, tairi linaweza kujifunga, likaacha kuzunguka na kuanza kuserereka. Tairi linaloserereka halisikii usukani. Utaukata kulia na kushoto, gari litaendelea na safari yake ya mbele. ABS inazuia hilo kwa kuachia na kubana breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, na huko kuachia na kubana ndiko unakokusikia mguuni. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu, ushikilie, wala usipigepige pedali kama wazee wetu walivyofundishwa kwenye magari ya zamani. Wakati huohuo elekeza usukani penye nafasi, maana gari bado linakusikia. Jambo moja watu huliacha: kwenye kokoto au vumbi jepesi, gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Huko dawa ni kupunguza mwendo mapema.

Usisubiri lori kama mimi. Tafuta uwanja mpana usio na mtu, kimbiza gari mpaka kilomita 30 au 40 kwa saa, ukanyage breki kwa nguvu zote. Isikie pedali. Rudia mpaka mguu uzoee na usishtuke.

Mkanda nao una mengi. Ule wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Mpaka leo sijaona kifaa ndani ya gari kinachoushinda kwa kuokoa watu. Lakini mkanda uliovaliwa vibaya unaweza kuumiza. Sehemu ya chini inatakiwa ilale juu ya mifupa ya nyonga, isikae tumboni. Mama mjamzito auteremshe chini ya tumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifua, kamwe isipitishwe kwapani. Na abiria wa nyuma wafunge pia. Gari likigonga, mtu wa nyuma asiyefunga mkanda anarushwa mbele kwa uzito wa kutisha, na anayempokea ni yule aliyekaa mbele yake. Mimi siwashi injini mpaka nisikie mikanda yote imelia "ta". Kuna ndugu wameninunia kwa hilo, na nitaendelea.

Mfuko wa hewa umetengenezwa usaidiane na mkanda, haukuja kuuondoa kazini. Unafumuka kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde, yaani kwa nguvu kubwa mno. Ukiukaribia sana unaweza kukujeruhi, ndiyo maana kifua kinatakiwa kikae angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Abiria wa mbele asipandishe miguu juu ya dashibodi. Mtoto mchanga aliye kwenye kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kabisa mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Mahali pake ni kiti cha nyuma. Angalia pia magari ambayo mifuko ya pembeni imo ndani ya viti: kava nene la viti lisilotengenezwa kwa ajili hiyo linaweza kuuzuia mfuko usitoke. Nililivua langu siku niliyosoma hayo kwenye kitabu cha gari.

Na taa za dashibodi, jamani. Ukiwasha swichi, taa ya mfuko wa hewa na ya ABS huwaka kidogo kisha huzimika. Hapo gari linajikagua. Ikibaki inawaka, maana yake mfumo huo una hitilafu na huenda usikusaidie siku ya siku. Isipowaka kabisa, nayo ni dalili mbaya, hasa kwa gari ulilonunua mkononi mwa mtu, kwa sababu wapo wanaochomoa au kuziba taa ili mnunuzi asishtuke. Kabla ya kulipa, washa swichi na uzitazame taa hizo kwa macho yako.

Hayo yote yanaishia kwenye matairi. ABS iwe nzuri namna gani, kinachoishika lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja. Nchi nyingi zinataka mifereji ya tairi iwe na kina kisichopungua milimita 1.6, ila kwenye maji mimi sisubiri ifike huko, kwani mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya tairi. Ikiwa kipara, gari linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo mdogo hufanya tairi likunjekunje na kupata joto mpaka lipasuke. Tazama pia umri wake: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na mifereji mizuri na mpira wake ukawa umeshazeeka na kupata nyufa. Likikupasukia ukiwa kwenye mwendo, usikanyage breki kwa ghafla. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, uliache gari lipungue lenyewe.

Mafuta ya breki badilisha kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Yananyonya unyevu, na yakipata joto kwenye mteremko mrefu pedali inaweza kuzama mpaka chini. Mteremko kama huo ushuke kwa gia ndogo, injini ikushikie gari.

Kuhusu mwendo, hesabu yake ilinibadilisha. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kupeleka mguu, tayari mita 28 zimekwisha na breki hazijashika. Halafu mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki ziliposhika unakua mara nne. Kwa hiyo chagua alama mbele. Gari lililokutangulia likiipita, hesabu polepole sekunde tatu kabla nawe hujaifikia. Kwenye mvua, sita. Simu iweke mahali mkono haufiki. Usingizi ukikuchukua, simama ulale. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakumwamshi mtu.

Mwezi uliopita binti yangu alipata leseni. Kabla sijampa ufunguo nilimpeleka uwanjani baada ya mvua, nikamwambia akanyage breki mpaka mwisho. Pedali ilipotetemeka, akapiga kelele na kuondoa mguu, vilevile kama nilivyofanya mimi. Tukarudia. Mara ya tatu aliushikilia, akakata usukani kukwepa ndoo niliyokuwa nimeiweka katikati, na gari likasimama.