Maswali na Majibu: Mabua, Makumbi na Mafuta

*Nimevuna mahindi hapa Mpeketoni, shamba limejaa mabua. Ni kweli yanaweza kutoa mafuta ya gari?*

Ni kweli, ndugu yangu. Bua lina sukari tele, ila imefungamana kwa minyororo mirefu iitwayo selulosi, nayo imezungukwa na lignini, kitu kigumu kinacholisimamisha bua. Tafuna muhogo wa kuchemsha bila kuumeza upesi, utaanza kuonja utamu: kimeng'enya, kitu kilichomo kwenye mate, kinavunja wanga kuwa sukari. Selulosi nayo ina vimeng'enya vyake vya kuivunja, viitwavyo selulasi. Kiwandani bua husagwa na kupikwa kwa mvuke au asidi ili lilegee, selulasi hutiwa kwenye joto la nyuzi 50 hivi, kisha hamira hugeuza sukari kuwa ethanoli, yaani kileo kinachowaka kama mafuta. Lakini usiyatoe mabua yote. Udongo unayahitaji, na ng'ombe pia.

*Hiyo selulasi hutoka wapi?*

Kwa kuvu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema ya pamba ya jeshi la Marekani yalikuwa yakioza ovyo katika visiwa vya Solomon. Watafiti wakaikuta kuvu inayoila pamba hiyo. Baadaye ikaitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese. Mpaka leo selulasi nyingi za viwandani hutokana na ukoo huo. Wakulima wa pamba mtaelewa: pamba ni selulosi karibu tupu.

*Mimi mgema, Malindi. Tembo langu huchacha lenyewe. Mbona bua lina kazi yote hiyo?*

Kwa sababu mnazi umekupa sukari iliyo huru tayari. Hamira inakuta chakula mezani, ndiyo maana la asubuhi huwa kali ifikapo jioni.

*Na makumbi ya nazi?*

Makumbi yana lignini nyingi mno, vimeng'enya vinapenya kwa shida. Yasokoteni kamba za usumba, au yachomeni jikoni.

*Mikoko ya Lamu je? Ni miti mingi.*

Hapana, hapana kabisa. Kaa, kamba na samaki wadogo hukulia kwenye mizizi yake, na ufuo unashikiliwa nayo. Mafuta yatokanayo na mikoko ni hasara kwa mvuvi.

*Nitie ethanoli kwenye injini ya boti?*

Ikiwa tupu, bila petroli, usitie. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Lamu unaijua. Hata ukiichanganya na petroli, maji yakizidi hushuka chini ya tangi pamoja na ethanoli, na injini inazimika ukiwa mkondoni. Tena lita yake ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli.